Mashini Iliyomeza Nyumba ya Pili

Nianze na jambo ambalo watu wa Bwera wanalijua tayari. Toka Mpondwe mpaka Rukoki hakuna harusi kubwa, wala ubatizo, wala sikukuu ya kumpokea padri mpya, ambayo karatasi zake hazikupita mikononi mwangu. Ukiambiwa kuna mwingine anayechapa vizuri, mwombe akuoneshe ukingo wa ukurasa wake. Kama maneno yamesimama wima kama askari kwenye gwaride, ukurasa huo ni wangu, ameuazima. Kama yanayumba kama mtu anayetoka kunywa waragi, basi huo ni wake kweli.

Na haya yote kwa darasa la tano. Tena hilo la tano sikulimaliza. Nililiacha katikati, kama mtu anavyoacha sahani akiwa ameshiba. Wenzangu waliosoma mpaka juu wananiletea barua zao za kuomba kazi, na mimi ndiye ninayewaonesha wapi wameharibu.

Kabla ya kompyuta nilisukuma mkokoteni pale mpakani mwa Uganda na Kongo. Kahawa, maharage, mawese, vitenge, samaki wakavu, yote yamepita mgongoni kwangu. Kiswahili changu nilikiokota hapo hapo njiani, nusu kwa Wakongo, nusu kwa wanajeshi, ndiyo maana mpaka leo nikimwambia mtu "karibu" anasimama wima kwanza.

Hapo mpakani nilijifunza kitu ambacho sijakisikia kikifundishwa shuleni. Kuna wakaguzi wa namna mbili. Wa kwanza akikuta gunia moja limefungwa vibaya, anarudisha lori zima. "Rudi! Yote rudi!" Hata nyanya ambazo hazina kosa zinaozea juani kwa sababu ya gunia la jirani. Wa pili anachukua chaki. Anaweka alama kwenye lile gunia moja, linashushwa pembeni, anasema, "Hili lingoje mwenyewe aje aeleze. Mengine pita." Lori linakwenda. Na lile gunia halikupotea, wala halikufichwa chini ya mengine. Liko pale, kila mtu analiona, lina chaki.

Kwa miaka mingi nilidhani hayo ni mambo ya magunia tu.

Kompyuta yangu ya kwanza niliitoa Kasese, kwenye ofisi iliyokuwa inatupa vitu vyake vya zamani. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kidole kimoja. Leo natumia viwili, na hivyo viwili vinawashinda wenye kumi. Nikafungua duka Bwera, bega kwa bega na kinyozi, na nikaanza kuchapa. Lakini nitasema ukweli, kwa sababu mwanamume anayejiamini haogopi kusema ukweli: kurasa zangu za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilikuwa sijui kama ni mbaya, mpaka alipokuja mwalimu.

Alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, yeye na mke na watoto, wakati kule kulipochafuka. Alivuka na mfuko mmoja, na ndani ya mfuko kulikuwa na kompyuta ndogo iliyofungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kwao alikuwa amefundisha shule, kisha akapanga kurasa za vitabu vya sala kwenye mtambo wa misioni. Siku ya kwanza aliingia dukani kuomba umeme wa kuchaji tu. Akauona mwaliko wa harusi niliokuwa nimeutundika ukutani kwa majivuno. Akautazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Patro," akasema. Wakongo ndivyo wanavyomwita mwenye kazi. "Hii ukurasa inalia."

"Inalia nini? Ukurasa una mdomo?"

"Inalia. Angalia hapa, maneno imekanyagana. Na hapa iko tundu, mutu anaweza kuingia."

Nilikasirika kwa muda wa chai moja. Ya pili nikammiminia na yeye kikombe, na tangu siku hiyo tuko pamoja.

Yeye ndiye aliyenionesha ile programu ya kupanga kurasa. Siyo ile ya kawaida ambayo unaona karatasi kwenye kioo ukiwa unaandika. Hii unaiandikia maneno matupu, na katikati ya maneno unaweka maagizo: hapa anza kichwa, hapa nenepesha herufi, hapa weka katikati. Ukifungua bano, sharti ulifunge. Ukimaliza unabonyeza, inapiga hesabu zake yenyewe, halafu inakutolea ukurasa wa kuweka juu ya altare. Mara ya kwanza kuuona nilinyamaza, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Lakini programu ile ilikuwa na roho ya mkaguzi wa kwanza. Ukisahau kufunga bano moja katika ukurasa wa tatu, inakataa kitabu chote. Haikupi hata ukurasa wa kwanza ambao hauna kosa. Inajaza kioo maandishi ya ukali, kwa Kiingereza, na inakaa. Mteja akiandika "Baba & Mama" kwa ile alama iliyojikunja kama paka amelala, inasimama papo hapo, maana kwake alama hiyo ni amri ya kazi nyingine. Mteja yuko kwenye benchi, boda inamngoja nje, na mimi natafuta paka.

Na kulikuwa na kosa baya kuliko hilo, kosa la kimya. Ile alama ya asilimia, kwa programu ile, maana yake ni: yote yanayofuata kwenye mstari huu usiyasome. Haisimami, haisemi, inayaacha tu. Kwaya fulani ikaniletea salamu zao kwa maharusi: "Tunawapongeza maharusi 100% kwa uvumilivu wao." Ikatoka: "Tunawapongeza maharusi 100". Nukta haikuwepo, uvumilivu haukuwepo. Msemaji akaisoma kwenye spika kama ilivyo, na mzee mmoja akapaza sauti toka nyuma, "Maharusi mia! Hiyo keki itatosha?"

Watu walicheka mpaka wakati wa kula. Mimi niliinamia sahani yangu.

Kesho yake nikamwambia mwalimu habari ya wakaguzi wawili. Nikamwambia, programu yako inarudisha malori, na siku nyingine inaiba gunia gizani. Mimi nataka mtu wa chaki. Kitu kisichoeleweka kiwekewe alama, kishushwe pembeni, mengine yapite. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaanza kucheka peke yake.

"Patro, wewe ulisoma wapi?"

"Mpakani."

Ndipo tukatengeneza kitu tulichokiita chujio, kama ule wavu wa waya wa kuchekechea kahawa. Ni programu ndogo inayokaa mlangoni pa ile kubwa. Maneno ya mteja yanapita kwanza kwenye chujio, ndipo yaingie ndani. Nani aliitengeneza? Mwalimu ndiye aliyebonyeza herufi, sikatai. Lakini nyumba ni ya nani: ni ya fundi aliyepanga tofali, au ya yule aliyesema mlango ukae huku? Basi.

Chujio kikajua kwamba paka ni paka tu na asilimia ni asilimia tu. Bano lililosahauliwa kikalifunga lenyewe mwisho wa aya. Na vile ambavyo hakikuvijua, mioyo na mikono ya kupiga makofi ambayo watu wanatia kwenye ujumbe wa simu, herufi za Kifaransa zinazofika zimevunjika njiani, kikaweka mahali pake kisanduku kidogo cheusi, kikaendelea na safari. Kisha mimi na mteja tunasoma pamoja kwenye kioo, kisanduku kwa kisanduku. "Hapa ulitaka kusema nini, mama?" Anasema, narekebisha, kisanduku kinaondoka. Hiyo ndiyo chaki yangu. Mambo yakaenda vizuri mno, na duka likajaa.

Lakini mtu akishinda mara mbili anataka ya tatu. Niliona kwamba wateja wengi wanatuma ujumbe kwa simu mara mbili mbili, kidole kikiwa na haraka, na mistari inajirudia. Nikamwambia mwalimu tuongeze amri: mstari ukijirudia kwenye ukurasa, futa wa pili.

"Weka alama, patro," akasema. "Usifute."

"Alama ya nini? Kitu kikijirudia ni kosa. Hata mtoto wa darasa la tano anajua hilo."

"Mutoto wa darasa la tano, ndiyo," akasema mwalimu, na akaandika nilivyotaka.

Nilijifanya sikusikia.

Sasa aje mzee wa Kyondo. Ni mkulima wa kahawa, kofia yake haijawahi kuvuliwa mbele ya mtu isipokuwa Mungu. Ana nyumba mbili. Nyumba ya kwanza iko kule juu kwenye mteremko, kwa mama aliyemuoa ujanani, na ina watoto sita. Nyumba ya pili iko chini, Nyakiyumbu, kwa mama aliyetoka upande wa Butembo, naye ana watoto wanne. Binti wa kwanza wa nyumba hii ya pili ndiye aliyekuwa anatolewa kwa mumewe, Jumamosi, na mzee alitaka kijitabu: ratiba, nyimbo, shukrani, na ukurasa mmoja wa familia wenye watoto wake wote. Aliniletea majina kwenye karatasi ya daftari, moja chini ya jingine, kumi, na katikati amepiga mstari wa kalamu kutenga nyumba na nyumba. Vichwa hakuandika. Kwake ule mstari ulikuwa unasema yote.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, jina la nyumbani linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, msichana wa kwanza lake, wa pili lake, wa tatu lake. Haulizwi mtu. Ukisikia jina unajua huyu alikuja wa ngapi. Na kila mama ana hesabu yake mwenyewe: mke wa pili akizaa, anaanza upya toka mwanzo. Majina yenyewe siyaandiki hapa, maana nusu ya wilaya wangesema nimewasema wao. Yale ya ubatizo ni ya padri. Mzee aliandika yale ya nyumbani.

Mimi mwenyewe ni wa desturi hiyo. Nimezaliwa ndani yake. Na siku ile karatasi ya mzee ilipopita kwenye chujio, mimi nilikuwa mlangoni nabishana na kinyozi kuhusu mpira. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja, ukurasa ulikuwa safi. Nikachapa vijitabu mia mbili, nikavikunja, nikavipiga pini, nikavipanga kwenye katoni. Nilivitazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wake.

Ijumaa asubuhi akaja mama wa binti kuvichukua. Ni mwanamke wa soko, anauza mawese, mkono wake una nguvu ya kufunga mtungi usifunguliwe na mwanamume. Aliketi kwenye benchi, akashika kijitabu kimoja kwa mikono miwili.

"Papa, mi sijue kusoma," akasema, kwa Kiswahili cha Butembo, ambako baba ni papa na mahali ni fasi. "Nioneshe fasi batoto bameandikwa."

Nikamfungulia ukurasa wa familia, nikaunyoosha kwa kiganja. Nilimwambia autazame ukingo, ulivyosimama. Hakuutazama. Aliweka kidole kwenye jina la juu, akashuka, jina kwa jina, midomo ikihesabu. Alipofika chini akageuza ukurasa. Akarudi. Akahesabu tena.

"Ingine iko wapi?"

"Ingine gani, mama?"

"Hapa kuko batoto sita. Bwana yangu iko na kumi. Sita ni ya ule mama wa mulima. Mi nilizala bane. Bane bangu beko wapi?"

"Mama, hii mashini haikosei. Labda mzee ndiye aliandika sita."

Nikaitoa karatasi ya daftari ili nimshinde. Ilikuwa na majina kumi. Nikaihesabu tena, polepole, nikitumaini kwamba darasa la tano limenidanganya. Kumi.

"Papa," akasema yule mama, "mashini yako imekula nyumba yangu."

"Mama, mashini haili watu."

"Imekula! Imekula na bibi arusi mwenyewe."

"Bibi arusi yuko kwenye jalada, jina lake hili hapa, kubwa!"

"Kwa jalada iko peke yake, sawa mutoto ya kuokota." Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Papa, sikia. Miaka yote, kule mulima, kukiwa mukutano, wanasema 'ule wa mpakani'. Hawaseme mama fulani, hawaseme nyumba fulani. Kesho ni mara ya kwanza nyumba yangu itasomwa mbele ya batu, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimeshona nguo juu ya ile. Sasa bataangalia mu kitabu, batauliza, huyu munatoa hapa ni mutoto wa nani?"

Kisha akavua sandali zake, akaziweka chini ya benchi, moja kando ya nyingine, kama mtu aliyefika kwake.

"Mi natoka hapa na batoto bangu bane. Bila ivyo, sitoke."

Mwalimu alikuwa kwenye kona yake muda wote. Alinyoosha mkono akachukua ile karatasi, akaisoma, akakisoma kijitabu, akanitazama juu ya miwani. Alikuwa ameshajua. Mtu mwingine angesema, si nilikuambia. Yeye aliuliza tu.

"Patro, mama yako alikuwa wa ngapi kwa baba yako?"

"Wa pili. Bwera yote inajua."

"Bon. Kuja hapa. Andika nyumba ya baba yako. Majina ya nyumbani tu, wote."

Umeme ulikuwa umeshakatika tangu saa mbili, lakini kompyuta yake ndogo ilikuwa na chaji. Nikaketi, nikaandika kwa vidole vyangu viwili: wana watano wa nyumba kubwa, kisha sisi watatu wa mama yangu, sote wavulana, mimi wa mwisho. Nikabonyeza. Yakatoka majina matano.

"Niko hapa!" nikasema, nikagusa kioo. "Si huyu hapa, wa tatu? Jina langu hilo."

"Huyo ni wewe," akauliza mwalimu, "ao ni kaka yako wa nyumba kubwa?"

Nikatazama. Alikuwa yeye. Kaka yangu wa nyumba kubwa, mtu aliyenitangulia kwenye kila kitu, kwenye mbuzi, kwenye shamba, kwenye kiti cha karibu na baba, alikuwa amesimama kwenye jina langu, na mimi sikuwepo. Mama yangu hakuwepo. Mwenye duka, mwenye chujio, mtu ambaye karatasi za wilaya zinapita mikononi mwake, nilikuwa nimejifuta kwa amri yangu mwenyewe.

Sijui ni nini kilichoanza kunipanda. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Nilicheka mpaka kinyozi akaja mlangoni na mkasi mkononi. Yule mama alitukazia macho.

"Inachekesha nini?"

"Mama," mwalimu akamwambia, "mashini imemeza patro pia. Yeye na mama yake."

Alifikiri kidogo. Kisha naye akaanza, kwanza mabega, halafu mwili mzima, benchi ikalia.

"Basi imeshiba!" akasema. "Sasa itapike!"

Tukaitapisha. Ile amri ya kufuta tuliitoa, na safari hii sikumwambia mwalimu aandike nini, nilimwambia aandike anavyojua. Mstari ukijirudia, chujio kisiguse neno, kiweke tu kisanduku kando yake, mwenyewe aulizwe. Vichwa tuliongeza: Nyumba ya Kwanza, Nyumba ya Pili. Yule mama aliviagiza mwenyewe, na akataka hicho cha pili kiwe na herufi nene sawa na cha kwanza, wala si zaidi. "Sitaki vita," alisema.

Shida ikabaki umeme. Printa haina betri. Kinyozi ana jenereta, lakini ni ile ndogo ya kelele nyingi, haiwezi kubeba printa na mashine yake ya kunyolea kwa pamoja. Na kitini kwake alikuwa ameketi katekista, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, upande mwingine bado ni msitu.

"Haiwezekani," akasema kinyozi. "Mteja wangu ni mtu wa kanisa."

"Na wangu ni watoto wanne!"

"Mimi nimefika nusu."

"Mimi nimefika sita juu ya kumi. Nani yuko mbele?"

Katekista ndiye aliyeamua. Alitoka na shuka la kinyozi shingoni, nusu kichwa kiking'aa, akaja akaketi kando ya mama wa mawese, akasema, "Nipeni pini." Basi tukavuta waya kupitia dirishani. Printa ikaanza kutema ukurasa mpya wa familia, mwalimu akawa anachomoa ule wa zamani, mimi naingiza mpya, katekista anapiga pini, mama anahesabu. Kila kijitabu kilipita chini ya kidole chake. Moja mpaka kumi, kisha kwenye katoni. Watu waliokuwa wanapita walisimama kumwangalia mtu wa kanisa mwenye kichwa cha nchi mbili, na yeye aliwaambia, "Hata Roma haikujengwa kwa siku moja, piteni!" Saa nane mchana tukamaliza. Mama akavaa sandali zake.

Kwa haraka ile, kitu kimoja sikukifanya. Sikusoma ukurasa kwenye kioo pamoja na mteja.

Jumamosi nilikuwa Nyakiyumbu, nimevaa koti. Hema lilijaa. Upande mmoja wa bwana arusi, na mbuzi wao wamefungwa kwenye mgomba wakilia kama wanajibu hotuba. Upande wetu watu wa Kyondo walioshuka, na Wakongo wa soko na nyimbo zao. Bundu, ule ugali wetu wa muhogo, ilikuwa inakorogwa nyuma, harufu ya samaki inatufikia, na mimi nilikuwa namwonesha jirani yangu ukingo wa ukurasa, ndipo macho yangu yakashuka yakaona.

Kando ya kila jina la nyumba ya pili kulikuwa na kisanduku cheusi. Vinne. Chujio kilifanya kile kile tulichokiambia: kimekuta majina yanayojirudia, kimeweka chaki, na mimi nimechapa chaki yenyewe, mara mia mbili. Yule mama aliviona kila alipohesabu, hakuuliza, alidhani ni mapambo.

Msemaji akasoma. Nyumba ya kwanza, sita, mmoja mmoja wakasimama. Nyumba ya pili, wanne, na wa kwanza wao alikuwa binti mwenyewe, na aliposimama mama yake alipiga kigelegele ambacho nadhani kilivuka mpaka bila karatasi. Kisha mzee mmoja wa upande wa bwana arusi akainua kijitabu chake.

"Msemaji, swali. Hivi vyumba vidogo vyeusi ni vya nini? Naona kwa hawa wanne tu."

Kofia ya mzee wa Kyondo ikageuka kunitafuta. Wote walijua nani kachapa, kwa sababu nilikuwa nimewaambia. Nikasimama. Nilifunga kifungo cha koti. Nilikuwa nimekusudia kusema ukweli, naapa, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, yule mama akanitangulia.

"Ni alama ya nyumba yangu," akasema, hata hakusimama. "Kila mutoto na alama yake. Hata gunia ya kahawa muzuri inawekwa alama. Papa wa mashini alifanya kwa heshima."

Vigelegele vikapanda tena, Wakongo wakaanza wimbo, mzee wa bwana arusi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikabaki nimesimama, nikainama kidogo huku na huku, kama mtu aliyefanya kwa heshima. Mwalimu, aliyekuwa nyuma yangu, alikohoa. Mama wa kwanza, wa kule mlimani, hakupiga kigelegele. Alikuwa ameinamia ukurasa wake, anapitisha kidole kando ya majina sita ya watoto wake, pale palipokuwa peupe.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa ameshuka toka Kyondo na mkungu wa ndizi kichwani, akautua juu ya meza yangu, juu ya karatasi safi.

"Mwanangu wa pili anaoa," akasema. "Nataka kijitabu. Na nataka zile alama nyeusi, kwa watoto wangu wote sita."

"Mama mkubwa, keti kwanza. Ile si alama ya heshima. Ile mashini inaiweka mahali inapodhani pana kosa."

"Ijumaa ulimwambia mwenzangu mashini haikosei. Alinihadithia yote mezani, tulicheka mpaka samaki wakapoa."

"Ilikosea kidogo," nikasema. Mwalimu alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mama mkubwa akaketi kwenye benchi. Akavua sandali zake, akaziweka chini, moja kando ya nyingine.

"Basi," akasema, "na mimi nikosee."